Mpasuaji wa Garissa Asomee Wapi?

Daktari kijana wa Garissa anayetamani kufungua hospitali yake binafsi ya upasuaji mjini humo aghalabu huuliza: ni tawi gani la upasuaji lenye malipo mazuri? Swali hilo lafaa Nairobi. Huko mpasuaji aweza kujifungia katika mifupa tu, kwa kuwa wenzake watayashughulikia yaliyosalia. Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, na mgonjwa aletwaye usiku na utumbo uliojisokota hawezi kungoja safari hiyo. Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa tarehe 2 Aprili 2015 na watu 148 kuuawa, baadhi ya majeruhi walisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi.

Kwa hiyo na achague upasuaji wa jumla. Chuo Kikuu cha Nairobi huufundisha katika shahada ya uzamili. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoundwa 1999, hufundishia katika hospitali zilizoidhinishwa, kwa muda wa miaka 5. Popote aombapo, aulize mwanagenzi hushika kisu mara ngapi, na nani husimama kando yake. Jina kubwa la hospitali lisimhadae: kwake hatakuwa na wa kumwita.

Tena kuna lugha (mniwie radhi, mimi ni mwanaisimu). Mzee asiyejua ila Kisomali hawezi kuridhia upasuaji alioelezewa kwa Kiingereza, na mkalimani wa kuokotwa mlangoni huacha nusu ya maneno. Mzaliwa wa Garissa anao ujuzi huo tayari; na autie katika hesabu zake.