Ilhamu na Saa ya Nyanya

Kuna ugonjwa umetuingia sisi waandishi chipukizi, nao ni kusubiri ilhamu. Muulize mtu hadithi yake imefika wapi, atakwambia, "Bado haijanijia." Haijakujia kutoka wapi, bwana? Kwani hiyo ni basi la mkoani?

Ukimshauri atege saa ndipo aandike, anachukia. Eti sanaa si kiwanda. Wakati jambo lenyewe ni jepesi: mwishoni mwa miaka ya 1980 Francesco Cirillo, mwanafunzi wa Kiitalia, alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akaitega ili asome. Baadaye utaratibu ukawa dakika 25 za kazi moja tu, kisha 5 za kujinyoosha. Kengele haijalia, huinuki, simu hushiki. Basi.

Na wanaopinga ndio haohao wanaotamba kwa tenzi zenye mizani 8 kila mshororo. Kumbe kuhesabu silabi ni usanii, kuhesabu dakika ni utumwa!

Anthony Trollope, mtumishi wa posta Uingereza, alikaa alfajiri na saa mbele yake, maneno 250 kila robo saa, ndipo akaenda kazini. Ameacha riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka 1883, yeye keshakufa, wapo waliomshusha hadhi kwa sababu ya saa hiyo. Riwaya zake zinasomwa mpaka leo. Kwetu nako Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926, na mwajiri wake alikuwa serikali ya kikoloni, siyo ilhamu.

Tuambizane ukweli jamani, kusubiri ilhamu ni anasa ya mwenye nafasi. Binti aliyeamka akachota maji, akapika, akaogesha watoto wa dada yake, akaenda kufungua genge, ilhamu ikimjia saa nne asubuhi ataipokea kwa mkono upi? Yeye ana nusu saa watu wakishalala, tena kwa bahati. Akiitegea saa, anapata ukurasa. Mnapomwambia kuandika kwa saa si kuandika, mnamfungia mlango, halafu kesho mnalalamika kwamba gazeti hili limejaa majina ya wanaume.

Zipo siku kengele italia karatasi ikiwa nyeupe, sikatai. Kesho utakaa tena. Na sentensi ikikolea, zima kengele uendelee, saa haina kiboko.

Anayebisha aandike, ampelekee mhariri kabla toleo lijalo halijafungwa.