Maoni: Katika mbio za magari kwenye simu, saa ndiyo ihukumu, si mfuko

Vijana wanaotaka kushindana kwa mbio za magari kwenye simu huanza karibu wote na swali lilelile: ni mchezo gani una picha nzuri zaidi? Ni swali linaloeleweka, lakini ndilo linalowapotosha. Picha haiamui nani dereva bora. Kinachohitajika ni kwamba wachezaji wawili wakipewa gari moja na njia moja, yule mwenye uwezo zaidi ashinde. Mchezo usioweza kuhakikisha hilo haufai kwa mashindano, hata kama magari yake yanang'aa namna gani.

Jambo hili linagusa mfuko. Mashindano ya kartie mara nyingi huanza kwa mchango: kila mchezaji anatoa franga kidogo, mshindi anabeba zote. Juu ya mchango huo kuna mega za intaneti, kuna pesa ya kuchaji batri umeme ukikatika, na kuna saa za mazoezi ambazo mwanafunzi angezitumia kwa kitu kingine. Kijana aliyetoa hivyo vyote ana haki ya kushindwa na mtu aliyemzidi uwezo, si na mtu aliyemzidi pesa.

Si kila mchezo wa magari ni simuleta

Asphalt 9, ya kampuni ya Kifaransa Gameloft, ilitoka mwaka 2018, na mwaka 2024 ilibadilishwa jina kuwa Asphalt Legends Unite. Ni mchezo wa kufurahisha: gari linaruka hewani, linazunguka, linatua, na nitro inalisukuma mbele kama roketi. Hakuna ubaya katika hilo, kwa sababu haudai kuiga gari la kweli. Simuleta ni kitu kingine. Inahesabu namna uzito wa gari unavyohamia mbele dereva akikanyaga freni, namna tairi linavyoshika barabara, na namna linavyoteleza likizidiwa.

Kuna njia rahisi ya kuupima mchezo kabla ya kuuchagua. Mchezaji aingie kwenye kona kwa mwendo mkali, akanyage freni na kukata usukani kwa wakati mmoja. Nguvu ya tairi kushika barabara ina mpaka. Ikitumika yote kwa kupunguza mwendo, inabaki kidogo kwa kugeuza gari. Gari la kweli litaenda mbele na kutoka njiani. Kama kwenye simu gari linakata kona kana kwamba liko juu ya reli, basi mchezo unamsaidia dereva.

Jaribio la pili ni kugonga ukuta kwa makusudi. Kama kujisugua ukutani kunapitisha kona haraka kuliko kukanyaga freni, mchezo huo utawapa zawadi wanaogonga. Kisha waandaaji waangalie misaada: freni inayojikanyaga, usukani unaojirekebisha, na ile nafasi ya kurudisha mbio nyuma baada ya kosa. Misaada hiyo ni mizuri kwa anayejifunza. Kwenye mashindano, iwe imezimwa kwa wote ao imewashwa kwa wote.

Gari la dola na gari la kweli

Hatari kubwa iko katika neno «bure». Real Racing 3, iliyotolewa na Electronic Arts mwezi wa pili mwaka 2013, ilipakuliwa bila malipo na ilisifiwa kwa magari yake yenye chapa za kweli. Lakini ilipotoka, gari lililoharibika lilihitaji matengenezo, na matengenezo yalichukua muda. Asiyetaka kungoja alilipa. Katika Asphalt, gari linafunguliwa kwa kukusanya kadi zake, na mwenye pesa anafika haraka kuliko anayezitafuta siku kwa siku.

Kwa mtu anayecheza peke yake jioni, hilo ni chaguo lake. Kwa mashindano, ni sumu. Dereva mzuri mwenye mashine dogo atafika nyuma ya dereva wa kawaida mwenye mashine kubwa, na mwishoni hakuna atakayejua nani alikuwa bora. Mkono haununuliwi, lakini mchezo wa namna hiyo unauza kitu kinachofanana nao.

Mfano mzuri wa haki katika simuleta haukutoka kwenye simu, lakini unafundisha. Kuanzia mwaka 2008, Nissan na PlayStation waliendesha shindano lililoitwa GT Academy, kupitia mchezo Gran Turismo. Katika mchujo wa mtandaoni, washindani walikimbia dhidi ya saa, kwa magari na njia walizopangiwa. Muingereza Jann Mardenborough alishinda mwaka 2011, akapelekwa kwenye magari ya kweli, na mwaka 2013 alishiriki mbio za saa 24 za Le Mans. Waandaaji hawakuuliza nani ana gari ghali ndani ya mchezo. Walisoma saa.

Mtandao nao ni mshindani

Kuna sababu nyingine ya kuiamini saa, na inawahusu sana wakaaji wa mashariki mwa Congo. Kukimbia na watu wengine moja kwa moja kwenye intaneti ni kutamu, lakini mchezo huo unapitia kwenye seva, na seva nyingi ziko mbali. Kutoka Goma hadi Frankfurt, Ujerumani, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama elfu 6. Mwangaza ndani ya waya wa fibra unakimbia kilomita kama laki 2 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 60 hata kama waya ungenyooka kabisa, na hakuna waya unaonyooka hivyo. Ukiongeza antena ya simu na watu wengine waliounganishwa nayo, kuchelewa kunaweza kufika milisekunde 200 ao kupita hapo.

Gari linalokimbia kilomita 200 kwa saa linakwenda mita 55 kwa sekunde. Katika milisekunde 200, linasogea mita 11, zaidi ya urefu wa magari mawili. Maana yake, mpinzani unayemuona mbele yako kwenye kioo cha simu hayuko tena pale unapomuona. Unamgonga kabla hujamfikia, ao anakupita kama mzimu. Mwenye mtandao mzuri hapo ana faida ambayo hakuna mazoezi yanayoweza kuifuta.

Ndiyo maana mbio za rally zinafaa kuliko zote. Katika rally ya kweli, kama Safari Rally ya Kenya, madereva hawapangwi bega kwa bega. Wanaondoka mmoja baada ya mwingine, na muda wa kila mmoja unaandikwa. Rush Rally 3, iliyotoka mwaka 2019, inafuata mwendo huo: njia za changarawe, matope, theluji na lami, kutoka fasi moja hadi nyingine, dhidi ya saa. Vijana kumi wanaweza kukaa kwenye baraza moja, kupokezana simu, na kupata mshindi wa haki bila kutumia hata mega moja.

Kwa wanaopenda njia za mzunguko, GRID Autosport ni chaguo la nguvu. Ilitengenezwa na Codemasters kwa kompyuta na konsoli mwaka 2014, kisha Feral Interactive ikaileta kwenye iPhone mwaka 2017 na kwenye Android mwaka 2019. Inalipiwa mara moja tu, na baada ya hapo hakuna anayenunua mwendo. Ubaya wake ni uzito: inadai nafasi ya giga kadhaa na simu yenye nguvu. Rush Rally 3 ni nyepesi zaidi, na kwa kartie nyingi ndiyo itakayowezekana.

Mtego wa faili za bure

Hapa ndipo wengi watauliza: pesa ya kununua itatoka wapi? Swali ni la haki. Vijana wengi hawana kadi ya benki, na katika Goma na Bukavu benki zilifunga milango mwanzoni mwa mwaka 2025. Hivyo wengi wanachukua njia fupi: faili ya APK kutoka kwa rafiki ao kwa muuzaji anayejaza michezo kwenye simu kwa franga chache.

Njia hiyo inaharibu mashindano mara mbili. Kwanza, faili nyingi za namna hiyo zimebadilishwa ili zitoe pesa zisizoisha na magari yote. Mwenye faili hiyo na mwenye mchezo halisi hawachezi mchezo mmoja. Pili, hakuna anayejua aliyeibadilisha ameweka nini kingine ndani. Simu hiyohiyo ndiyo yenye akaunti ya pesa, picha za familia na ujumbe wa siri. Kuuza usalama wa simu nzima kwa ajili ya mchezo mmoja si biashara.

Jibu bora ni la pamoja. Kundi la marafiki kumi likichanga, mchezo mmoja halali kwenye simu moja nzuri unatosha kwa mashindano yote, na mtu mmoja mwenye kadi ao ndugu aliye mbali anaweza kuununua. Mchango unaotolewa leo kwa zawadi ya Jumapili moja unaweza kulipia uwanja wa mwaka mzima.

Mchezo utakaobaki

Kabla ya kulipa, kuna swali la mwisho: intaneti ikikatwa, mchezo unafunguka? The Crew, mchezo wa magari wa kampuni ya Ubisoft uliotoka mwaka 2014, ulihitaji mtandao muda wote, hata kwa anayecheza peke yake. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake zilizimwa, na waliokuwa wameununua wakabaki bila mchezo. Ulikuwa wa kompyuta na konsoli, lakini somo ni moja kwa simu. Katika miji ambako mtandao unaweza kupotea bila taarifa, mchezo usiofunguka bila mtandao ni kama uwanja ambao ufunguo wake uko kwa mtu wa mbali.

Simu yenyewe nayo isisahauliwe. Mchezo ukionyesha picha 60 kwa sekunde, gari la mwendo wa kilomita 200 kwa saa linasogea karibu mita moja kati ya picha na picha. Kwenye simu inayotoa picha 30 tu, linasogea karibu mita mbili, na dereva anachelewa kuona kona. Simu ikipata moto, inajipunguzia nguvu yenyewe, na kuicheza ikiwa kwenye chaja kunazidisha moto huo. Anayekimbia wa kumi kwenye simu iliyochemka hakimbii sawa na wa kwanza. Ipumzishwe kati ya zamu, na upangaji wa zamu ufanywe kwa kura.

Wapo watakaosema kwamba kukimbia na saa hakuna joto la kumpita mtu ana kwa ana. Ni kweli, na hakuna anayekatazwa kucheza hivyo kwa furaha. Lakini pale ambapo watu wameweka pesa na jina, kila mmoja anahitaji kujua kwamba amepimwa kwa kipimo kimoja na wenzake: simu moja, gari moja, njia moja, misaada ileile, na muda uandikwe mbele ya wote.

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Waandaaji nao wana deni upande wao. Anayeombwa akubali kushindwa lazima aone kwa macho yake kilichomshinda, na sekunde zilizoandikwa kwenye karatasi zinaonekana na kila mtu.