Zimwi la gemu na Popobawa wetu



Mzazi mmoja kanijia baada ya Alasiri na simu ya mwanawe. "Sheikh, humu mna shetani." Nikatazama. Kumbe ni Boo, wa gemu ya Mario ya Wajapani, aliyeanza kutokea katika Super Mario Bros. 3 mwaka 1988. Kizimwi cheupe, mviringo, chenye meno. Ukimpa mgongo anakufuata. Ukimgeukia anaziba uso, hasogei.

Mimi sioni jini hapo. Ni mchoro. Kama mtoto anakosa Magharibi kwa ajili yake, mnyang'anyeni simu (na wazee wa bao nao wajiangalie).

Linaloniuma ni jengine. Sisi tunaoogopa mchoro, mwaka 1995 Popobawa alitutoa majumbani, Pemba mpaka Unguja. Watu wazima walilala nje kwa makundi, wakiota moto. Na mjini akauawa mtu, mgonjwa wa akili, kwa kudhaniwa ndiye. Damu ya mtu! Nani aliuliza ushahidi?

Shetani katika Surat an-Naas kaitwa Khannaas, mwenye kurudi nyuma anapotajwa Mola. Basi msomesheni mtoto Kul-audhu zake kabla ya kulala. Akikwambia kuna kitu dirishani, washa taa, mshike mkono, mwende mkatazame pamoja. Usimwambie, "Nyamaza, Popobawa atakuja."

Wabillahi tawfiq.