Tunaogopa simu, tunaacha lotoko

Jioni pale bandarini Basoko, mahali Aruwimi inaingia ndani ya mto Congo, mazungumzo juu ya kanseri hayaishi. Mmoja anasema ni kube tunazotia ndani ya mboga. Mwingine anasema ni simu ya kuweka ndani ya mfuko wa shati. Wa tatu anasema hapana, ni ndoki wa jamaa. Na yeye anayesema hivyo ameshika sigara, na kikopo cha lotoko kiko karibu na mguu wake.

Hatumcheki. Sisi pia tuko ndani ya mazungumzo hayo. Lakini tuseme wazi: tunapenda kuogopa kile ambacho hakitudai kuacha kitu.

Juu ya simu, mpaka leo haijahakikishwa kama inaleta kanseri. Tumbaku, pombe na vumbi ya mawe, zenyewe zimekwisha kuhakikishwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa kanseri, lenye makao Lyon kule Ufaransa, liliweka pombe ndani ya orodha ya vitu vinavyoleta kanseri mwaka 1988, na vumbi ya mawe yenye silika mwaka 1997. Pombe inagusa kinywa, koo, maini, na matiti ya wamama. Ukiichanganya na sigara, hatari ya koo inapanda mara nyingi.

Vumbi nayo, wana wetu wanaopanda Aruwimi kwenda kuchimba dhahabu pande za Banalia wanaijua. Wamama wanaotwanga mawe wanaijua zaidi, mara ingine na mtoto mgongoni. Jiwe kavu likipondwa, vumbi inaingia mapafuni na kubaki humo. Tulowanishe jiwe kwanza, njo tutwange. Na mtoto abaki mbali.

Tunajua mtatujibu: «Ninyi mnaandika ndani ya gazeti, sisi tunatafuta chakula.» Ni kweli. Mchimbaji hakuchagua vumbi. Kwa hiyo hatukubali watu waseme mgonjwa amejiletea ugonjwa yeye mwenyewe. Mwenye shimo anayechukua sehemu yake ya mifuko, alete na maji ya kulowanisha mawe. Iwe deni yake.

Lakini jikoni ni kwetu. Karanga na mahindi zenye ukungu zinabeba sumu inayoitwa aflatoksini, na moto wa jikoni hauimalizi. Mtu mwenye hepatiti B ndani ya damu akila sumu hiyo, hatari ya kanseri ya maini inaongezeka sana. Na sisi tunafanya nini? Karanga mbovu tunazisaga mwamba, ukungu usionekane, tunauza. Tuzitupe, hata kama roho inauma. Tena chanjo ya hepatiti B iko ndani ya chanjo za watoto wadogo: mama asikose siku ya kilo.

Tunarudi kwa ndoki. Kila mwezi tunaopoteza kutafuta nani ameroga, ugonjwa unaendelea kula. Mtu anakohoa majuma mawili? Apimwe. Pengine ni kifua kikuu, na dawa yake inatolewa bure. Mama anatoka damu kisha kulala na bwana, ao kisha miaka ya kuzaa kwisha? Asione haya, aende kwa munganga mapema. Kanseri ya mlango wa kizazi ikionekana mwanzoni, inaweza kutibiwa.

Mtasema Kisangani ni mbali na baleinieri inaomba franga. Ndiyo. Basi tufanye likelemba ya safari hiyo: kila jioni, bei ya sigara mbili na kikopo kimoja cha lotoko iingie ndani ya sanduku. Siku mmoja wetu atakapougua, tusianze kuuza bati ya nyumba. Na hata kama hakuna atakayeugua, sigara hizo hatutakuwa tumezivuta.