Asiyeona naye asome malipo yake ya korosho

Ndugu mkulima, malipo ya korosho yakiingia benki, ujumbe hufika kwenye simu. Jirani yako asiyeona humpa nani amsomee? Mjukuu, au wakala. Siku akitaja namba ya siri, pesa hizo zina wenyewe wawili.

Mimi naona tumekosea kumsomea tu. Tumfundishe kujisomea. Simu janja nyingi za Android zina TalkBack, programu inayosoma kioo kwa sauti, na hailipiwi. Kitochi hakina. Ingia Mipangilio, tafuta Ufikivu, washa TalkBack. Ndani ya mipangilio yake kuna mafunzo ya hatua kwa hatua, anzeni hapo. Sauti ya Kiswahili huenda mkaipakua kwanza.

Ikiwashwa, kugusa mara moja husoma, kugusa mara mbili haraka hufungua, kutelezesha kidole kulia hupeleka mbele. Wengi hudhani simu imeharibika, wakaizima. Haijaharibika.

Wewe unayeona, kaa naye jioni moja, simu iwe mkononi mwake. Mtafutie spika za masikioni ili dukani wasisikie salio. Namba ya siri usiiulize.