Ukisikia «Thriller», Uliza: Ya Namna Gani?



Tangu tulipoandika juu ya watoto na televizyo, swali moja linaturudia kutoka kwa wamama wa vikundi mbalimbali, ijapokuwa kila mmoja analiuliza kwa njia yake. Mtoto anarudi nyumbani na flashi yenye filme kumi. Mama anauliza: hii ni filme ya nini? Mtoto anajibu: «Ni thriller tu, mama, haina mashetani.» Na mama, kwa kuwa anaogopa filme za mashetani na za uchi kuliko zote, anaitikia na kurudi jikoni. Baada ya saa moja anasikia makelele ya mwanamke anayechinjwa ndani ya saloni yake.

Mtoto hakudanganya. Filme ile kweli iliandikwa thriller, na kweli haikuwa na shetani hata mmoja. Tatizo liko kwa jina lenyewe. Ni kama kusema «mboga». Sombe ni mboga, lengalenga ni mboga, na kuna nyumba ambamo hata nyama inaitwa mboga, lakini huwezi kumlisha mtoto mchanga kila kilicho ndani ya sufuria kwa sababu tu kinaitwa hivyo.

Sisi tunaziita filme za roho juu, kwa maana ndiyo kazi yake: kukuweka roho juu tangu mwanzo mpaka mwisho. Alfred Hitchcock, Mwingereza aliyezitengeneza kuliko wengi, alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu. Watu wawili wanakaa mezani wakiongea mambo ya kawaida. Bomu linalipuka ghafula. Umeshtuka, lakini ni mshtuko wa sekunde chache. Sasa tuseme ulionyeshwa mapema kwamba bomu liko chini ya meza, na saa ya ukutani inaonyesha kwamba zimebaki dakika 15. Watu ni wale wale, maneno yao ni yale yale, lakini wewe huwezi kukaa kitini. Unataka kuwapigia kelele watoke. Hiyo ndiyo roho juu: wewe unajua, wao hawajui, na huwezi kuwasaidia.

Basi filme ya vita utaijua kwa askari wake, na filme ya arusi kwa shela. Thriller haijulikani kwa vitu vinavyoonekana ndani yake. Inajulikana kwa kile inachomfanyia mtazamaji, na bomu linaweza kuwekwa chini ya meza yoyote: ya hospitali, ya ubalozi, ya benki, ya bwana na bibi wanaokula chakula cha jioni. Ndiyo sababu aina zake ni nyingi na zinachanganyikana.

Tuzitaje haraka. Kuna za uhalifu, ambamo tunafuatana na wezi na wauaji, na kuna za upelelezi, ambamo tunafuatana na yule anayewatafuta. Kuna za majasusi. Kuna za mahakama, ambazo sisi hatuzipendi sana kwa kuwa watu wanasimama tu na kuongea, ijapokuwa baba watoto wengi hawabanduki mbele yake. Kuna za kukimbizana, kuna za siasa na njama ambamo adui ni serikali au kampuni kubwa, na kuna za akili, ambamo vita yote iko ndani ya kichwa cha mtu. Ukizitaja hivi unaweza kudhani kila moja ina kiti chake. Hapana. Zimekaa kwenye mkeka mmoja, na miguu imepishana.

Chukueni filme moja ya zamani ambayo tungependa kila mwanamke aione. Kwa Kiingereza inaitwa Gaslight, kwa Kifaransa Hantise. George Cukor aliitengeneza Marekani mwaka 1944, kutokana na mchezo wa kuigiza wa Mwingereza Patrick Hamilton wa mwaka 1938. Msichana Paula anaolewa na Gregory, mwanaume mpole, mpiga piano, mwenye maneno matamu. Wanahamia London, katika nyumba ambamo shangazi yake Paula, mwimbaji mashuhuri, aliuawa miaka mingi kabla. Kisha vitu vinaanza kupotea. Bruchi aliyopewa na mume wake haimo tena katika mkoba. Picha inatoweka ukutani. Kila mara Gregory anamwambia kwa sauti ya kumhurumia kwamba amesahau tena, kwamba ni yeye mwenyewe aliyeificha, kwamba yeye ni mgonjwa. Usiku, mume akiwa ametoka, taa zinafifia na nyayo zinasikika juu ya dari. Akiuliza, jibu ni kwamba ni mawazo yake. Anazuiwa kutembea, anazuiwa kupokea wageni. Mwishowe yeye mwenyewe anaanza kuamini kwamba ana wazimu.

Siri iko katika taa. Nyumba za wakati ule ziliangazwa na gesi iliyopita katika mabomba, na ukiwasha taa katika chumba kimoja, za vyumba vingine zinapungua nguvu. Gregory hakuwa amekwenda mbali. Alizunguka nyuma, akapanda darini, akawasha taa huko na kutafuta mawe ya thamani ya yule shangazi. Ni yeye aliyemuua. Tumewafichulia, ndiyo, lakini kujua hakuharibu kitu hapa: mtazamaji anaanza kumshuku Gregory mapema sana, na roho inabaki juu kwa sababu Paula hamshuku. Ni bomu la Hitchcock, limewekwa chini ya kitanda cha ndoa.

Sasa tuambieni, hiyo ni filme ya aina gani? Kuna mauaji na wizi: uhalifu. Kuna afisa wa Scotland Yard anayefuatilia: upelelezi. Kuna arusi: mapenzi. Lakini moyo wake ni mwanamke anayenyang'anywa akili zake kidogo kidogo, na kwa hiyo wataalamu wanaihesabu kati ya filme za akili. Ingrid Bergman, aliyecheza Paula, alipata tuzo ya Oscar. Na wanaosema Kiingereza walipata neno. Mtu akimfanya mwenzake asiamini macho yake mwenyewe, wanasema anamfanyia «gaslighting», na mwaka 2022 kamusi ya Marekani ya Merriam-Webster ililichagua kuwa neno la mwaka.

Sisi hatuna neno moja la Kiswahili kwa jambo hilo, lakini jambo lenyewe tunalo. Katika mikutano ya MUSO tumesikia juu ya mume anayechukua pesa katika kisanduku usiku, na asubuhi anamwuliza mke kwa nini hajui kuhesabu. Tumesikia juu ya yule aliyewaambia wakwe kwamba mke wake «anaongea peke yake», mpaka wakwe wakaanza kumtazama mama wa watu kwa jicho lingine. Siku moja tuliwasimulia wamama wa kikundi kimoja habari ya Paula. Wengine walicheka, wengine walimtukana Gregory kwa majina ambayo hatuwezi kuyaandika hapa. Mama mmoja alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: «Na huyo mwanamke, nani alimwambia kwamba hana wazimu?»

Jibu limo ndani ya filme. Yule afisa anaingia nyumbani Gregory akiwa hayuko, anakaa na Paula, na taa zinapofifia, anaziona. Mtu wa pili ameona. Kuanzia hapo Paula anaanza kurudi katika akili zake, na maneno atakayomwambia mume wake mwishoni, akiwa amefungwa kwenye kiti, hatutayasema. Hayo muyangojee.

Filme nyingine zinabadilisha kabila katikati ya njia. Psycho ya Hitchcock, ya mwaka 1960, inaanza kama filme ya wizi. Marion, karani wa ofisi, anakimbia na dola 40,000 za mteja wa bosi wake, na sisi tunaogopa polisi pamoja naye. Analala katika hoteli ndogo ya barabarani. Filme haijafika hata nusu, na Marion anauawa katika bafu. Zile pesa hazina maana tena. Tumeingia katika filme ya akili iliyo karibu sana na ya kutisha, bila kubadilisha kiti. Mama aliyetazama nusu saa ya kwanza kabla ya kuwaachia watoto atasema kwamba ni filme ya mwizi wa kike, na atakuwa amesema kweli.

Mpaka huo kati ya roho juu na kutisha ndio unaobishaniwa zaidi. The Silence of the Lambs ya mwaka 1991, ambayo wengi wetu tunaijua kama Le Silence des agneaux, ilishinda tuzo za Oscar 5, pamoja na ile ya filme bora. Ni filme ya upelelezi, kwa kuwa tunamfuata msichana wa FBI kazini. Ni ya akili, kwa kuwa anapambana kwa maneno na mfungwa mwenye akili kali na ukatili. Na wengine wanasema wazi ni filme ya kutisha, kwa kuwa wanawake wanachunwa ngozi. Sisi tuko upande wa hao wa mwisho, walau wakati kuna mtoto nyumbani.

Zile za siasa zinatugusa kwa njia nyingine. The Constant Gardener ya mwaka 2005, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Kenya, hata ndani ya Kibera, inaanza na mwanamke aliyeuawa karibu na Ziwa Turkana. Mume wake, mwanadiplomasia mpole anayependa maua yake, anafuata nyayo za mke na kugundua kwamba alikuwa amevumbua siri ya kampuni inayojaribisha dawa ya kifua kikuu juu ya maskini. Mauaji, upelelezi, njama, dawa, na katikati yake mwanaume anayemjua mke wake kwa mara ya kwanza baada ya kumzika. Tuliilia. Ni hadithi ya kubuniwa, kutoka kitabu cha John le Carré, lakini mama yeyote aliyepewa dawa bila kuelezwa ni ya nini ataifuata bila mtafsiri.

Na tuna ya nchi yetu. Viva Riva! ya Djo Tunda Wa Munga, ya mwaka 2010, inasemwa kwa Kilingala na Kifaransa. Kijana Riva anarudi Kinshasa na mafuta aliyoyaiba kutoka Angola, wakati jiji lote linatafuta mafuta na hakuna, na wenye mali wanamfuata. Uhalifu, kukimbizana, tamaa ya mwanamke wa mtu mwingine. Lakini ukikumbuka foleni za bidoni utaona kwamba ni filme ya siasa pia, maana hakuna mtu ndani yake, awe mkubwa au mdogo, ambaye hana bei. Tunaisifu, ilistahili tuzo ya filme bora ya Afrika iliyopewa mwaka 2011. Lakini ina damu na uchi usiofichwa. Kwamba ni ya Kikongo haimaanishi ni ya familia.

Basi mama atajuaje? Stesheni za Ufaransa zinaweka duara dogo pembeni ya picha lenye namba 10, 12, 16 au 18, maana yake filme haifai kwa mtoto wa chini ya umri huo. Watoto wanaijua namba hiyo kutushinda. Flashi haina duara. Na wale wanaotafsiri filme kwa Kiswahili wanaweza kutupoteza zaidi, kwa sababu sauti yao ya mzaha inafanya filme nzito isikike kama kichekesho, huku picha ni ile ile.

Sisi tumeacha kuuliza «ni thriller au siyo?» Tunamwuliza mtoto: katika filme hiyo nani anaogopa, na anaogopa nini? Akisema kuna mtu anakimbizwa na magari, tunajua tuko wapi. Akisema kuna mwanamke amefungiwa na mwanaume, tunakaa naye au tunaizima. Na watoto wengi wa hapa mashariki wamesikia risasi za kweli kwa masikio yao. Kwa mtoto wa namna hiyo, filme ya kukimbizana ambayo Ulaya wanaihesabu nyepesi inaweza kuwa nzito kuliko zote. Akianza kukojoa kitandani tena, au kuziba masikio pikipiki ikipita, msimwite mwoga. Zimeni, na muongee naye.

Jumamosi hii, saa nane mchana, tutaonyesha Hantise katika chumba cha mikutano, kwa Kifaransa, na mmoja wetu atakuwa anaeleza kwa Kiswahili bila mzaha. Kurenti ikikosa, jenereta iko, ila kila kikundi kilete franka kidogo za mafuta. Watoto watabaki uani na dada wakubwa. Baba watoto wanakaribishwa kwa filme. Baada ya filme wamama watabaki peke yao, mlango utafungwa, na aliye na neno atakuwa na muda wa kulisema.