Video Inayokwama Itibiwe, Isipakwe Poda

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hayo walinena wahenga, nao hawakuwa na kompyuta hata moja. Lau wangekuwapo leo wakaona jinsi sisi vijana wa Kitui na Makueni tunavyotibu video zinazokwama, wangeyarudia maneno yao kwa sauti ya juu zaidi.

Ndugu msomaji, kompyuta si kitu cha ofisini pekee siku hizi. Kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei utazikuta sebuleni, nyingi zikiwa za mitumba, zilizotumika ng'ambo miaka kadhaa kabla ya kufika kwetu. Jioni stima ikiwapo, jamaa hukusanyika kutazama filamu iliyonunuliwa mjini kwa flashi, ama video ya harusi ya shangazi. Punde si punde picha inaanza kusitasita. Sauti inaendelea, lakini mdomo wa mwigizaji umeganda wazi kama anayengoja kulishwa. Hapo ndipo kila mtu hugeuka fundi. Mmoja atasema, "Hiyo imekufa, nunueni nyingine." Mwingine atasema, "Wee, weka ile programu ya kulainisha, utaona maajabu."

Maoni yangu ni kwamba wote wawili wanatupoteza. Wa kwanza anatupotezea pesa. Wa pili anatupotezea kitu kikubwa zaidi, nacho ni ukweli wa kile kilichopigwa picha.

Kwanza tuelewane video ni nini. Ni picha nyingi zilizosimama tuli, zinazopita mbele ya macho kwa kasi hadi zikaonekana kama zinatembea. Kila picha moja huitwa fremu. Filamu za sinema kwa desturi huwa na fremu 24 kila sekunde. Televisheni yetu ya Kenya imezoea 25. Simu nyingi hupiga 30. Nayo skrini ya kompyuta ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Sasa wewe mpenda hisabati, gawanya 60 kwa 24. Umepata mbili na nusu, sivyo? Skrini haiwezi kuonyesha fremu mara mbili na nusu. Kwa hivyo fremu moja huonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, kisha mbili, kisha tatu tena. Ndiyo maana kamera ikipita polepole juu ya vilima, picha huchechemea kama mtu apandaye ngazi zisizolingana. Hapo kompyuta haina ugonjwa wowote. Ni hesabu tu iliyokataa kugawanyika.

Je, hiyo programu ya kulainisha hufanya nini? Hutazama fremu mbili zinazofuatana, ikalinganisha vipande vyake, ikakisia kila kipande kimehama kutoka wapi hadi wapi, kisha ikabuni picha mpya ya kukaa katikati. Wataalamu huita kazi hiyo intapolesheni ya fremu. Filamu ya fremu 24 ikinyooshwa hadi 60, ni 12 tu kati ya hizo 60 zinazoangukia wakati uleule wa fremu za asili. Zile 48 zilizosalia zimebuniwa na mashine. Hebu fikiria: unatazama dakika nzima ya mambo ambayo sehemu kubwa yake haikupigwa na kamera yoyote.

Nina sababu tatu za kupinga tabia hii.

Sababu ya kwanza ni mzigo. Kuonyesha fremu 60 kwa sekunde maana yake ni kwamba kila moja ina takriban milisekunde 17 tu za kutayarishwa. Kompyuta ambayo tayari imeshindwa kuzisoma zile 24 za kawaida, unaitwika kazi ya kubuni nyingine juu yake? Hiyo ni sawa na kumwona punda amelala chini kwa uzito wa mitungi ya maji, nawe ukamfungia mtungi wa tano.

Sababu ya pili ni kwamba poda huficha ugonjwa. Nyumbani kwetu yalitufika. Fundi mmoja wa mjini alimwambia mama kwamba laptopu yetu imekwisha, haina maisha. Mama akaanza kumtazama mbuzi wetu kwa jicho la mnadani. Binamu yangu naye akashikilia kwamba dawa ni kulainisha. Bahati njema kaka yangu alikuwa likizoni, akasema, "Ngojeni kwanza tuulize inaumwa wapi." Akaifungua nyuma. Lo! Vumbi jekundu lilikuwa limejaa kwenye feni kama lililokusudia kujenga nyumba. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na ikipunguza kasi video hukwama. Brashi laini na nusu saa ya subira viliimaliza kazi. Mbuzi yupo hadi leo, na anakula maua ya mama.

Kwa hivyo, msomaji mwenzangu, uchunguze ugonjwa kwa dalili zake. Ikiwa video huanza vizuri kisha ikalegea baada ya dakika kumi au zaidi, shuku joto na vumbi. Ikiwa hukwama tu wakati chaja imechomolewa, basi kompyuta inabana matumizi ya betri. Badilisha mpangilio wa nguvu. Ikiwa picha na sauti vyote vinasimama kisha vinaendelea pamoja, shuku flashi. Nakili faili kwenye diski ya kompyuta ndipo utazame. Ikiwa sauti inakwenda vyema lakini picha inaachwa nyuma tangu dakika ya kwanza, huenda tatizo ni kodeki, yaani namna video ilivyobanwa ili ichukue nafasi ndogo.

Hilo la kodeki ndilo linalowasumbua wengi wetu. Mfumo wa H.264 ulitolewa mwaka 2003, na karibu kila kompyuta iliyopo ina sehemu maalumu ya kuusoma. Mfumo wa H.265 ulikuja mwaka 2013. Hubana zaidi, ndiyo sababu wauzaji wa filamu wanaupenda, kwani filamu nyingi hutoshea kwenye flashi moja. Lakini laptopu za Intel za kizazi cha nne, ambazo zilianza kutoka mwaka huohuo wa 2013, hazikupewa sehemu maalumu ya kuusoma, kwa hivyo prosesa hutoka jasho. Utajuaje? Fungua video kwa VLC, programu ya bure iliyotokana na mradi ulioanzishwa mwaka 1996 na wanafunzi wa École Centrale Paris kule Ufaransa. Naam, wanafunzi kama mimi na wewe! Ndani yake kuna mahali panapokuonyesha kodeki ya video na idadi ya fremu zilizopotea. Ukiona ni H.265 na fremu zinapotea kwa mamia, tafuta nakala ya H.264, au uigeuze mwenyewe kwa HandBrake, ambayo pia ni ya bure. Itachukua saa kadhaa, lakini ni mara moja tu. Na kama ni kule kuchechemea nilikokueleza, ambako hakuna fremu inayopotea, tazama mipangilio ya skrini. Ikikubali kujichora mara 50, video ya fremu 25 itatulia kabisa, kwani kila fremu itaonyeshwa mara mbili bila ubaguzi. Isipokubali, vumilia. Macho huzoea.

Sababu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Picha iliyobuniwa ni uwongo uliovaa sare ya ukweli.

Muhula uliopita shuleni mwetu kulikuwa na mbio za mita 100 baina ya mikondo. Wakimbiaji wawili walifika utepeni karibu pamoja, kelele zikawa nyingi. Mtu akaleta video ya simu, ikatiwa kwenye kompyuta, ikapunguzwa kasi na kulainishwa ili "ionekane vizuri". Kifua cha mmoja kikaonekana mbele kidogo. Mshindi akatangazwa, mwingine akaenda zake akilia. Sisemi aliyetangazwa hakushinda. Nasema hatujui. Tupige hesabu: mkimbiaji anayekwenda mita 8 kwa sekunde, katika video ya fremu 30, husogea takriban sentimita 27 kati ya fremu moja na nyingine. Ndani ya sentimita hizo 27 kamera haikuona chochote. Ile fremu iliyotoa hukumu ilikuwa kisio la mashine. Jameni, tungekubali kisio kama hilo katika mtihani wa KCSE? Mtahini akikosa ukurasa mmoja wa majibu yako, abuni ukurasa wa kati kwa kutazama ule wa kwanza na wa tatu?

Kuna na la pili. Binamu yuleyule niliyemtaja aliilainisha video ya nyanya yetu akicheza kilumi pamoja na wazee wenzake. Katika ngoma hiyo mikono hukimbia juu ya ngoma, na mabega hutikisika. Mashine hukisia vyema kitu kinapokwenda taratibu kwa mstari ulionyooka. Kikienda mbio, au kikijificha nyuma ya kingine na kutokea tena, hukisia ovyo. Vidole vya mpiga ngoma vikayeyuka kama mafuta juani. Leso ya nyanya ikaacha kivuli hewani. Binamu akaipenda hivyohivyo kwa sababu ilikuwa laini, kisha akaifuta ile ya asili ili apate nafasi kwenye flashi yake. Nyanya alituaga mwaka jana. Video ya simu ilikuwa na fremu 30. Hii tuliyo nayo ina 60. Kwa hivyo nusu ya video ya nyanya si nyanya.

Najua kuna watakaonipinga, na penye wengi hapakosi mengi. Watasema mpira ulio laini hupendeza. Ni kweli, lakini matangazo mengi ya mpira wa Ulaya hupigwa picha 50 kwa sekunde tangu uwanjani, kwa hivyo ulaini wake ni wa haki. Watasema pia kwamba hata mabingwa hubuni fremu. Hilo nalo ni kweli. Mwaka 2018 mwongozaji Peter Jackson alitoa filamu iliyotumia picha za Vita vya Kwanza vya Dunia, zilizopigwa kwa fremu chache kuliko 24, naye akaongeza fremu ili askari wale watembee kama watu. Lakini aliwaambia watazamaji alichofanya, na picha za asili zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Imperial War Museums huko Uingereza. Hakuzifuta ili apate nafasi kwenye flashi. Tena Desemba mwaka huohuo, mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video fupi ya kuwaomba watu wazime kilainishi katika televisheni zao, kwa kuwa filamu ilipoteza sura waliyoikusudia. Ikiwa wenye filamu wenyewe wanalalamika, sisi ni nani tuseme poda inapendeza?

Basi natoa mapendekezo matatu kwa wakuu wa shule, walimu wetu na wanachama wenzangu. Mosi, video zote za michezo yetu ya kuigiza, hasa zile tunazopiga tukijiandaa kwa tamasha za kitaifa za drama na filamu, zihifadhiwe za asili mahali pawili kabla mtu hajazigusa. Pili, matokeo ya mbio yasiamuliwe kamwe kwa video iliyolainishwa. Fremu za asili zisipotosha kuonyesha mshindi, wawili hao wagawane nafasi, hakuna aibu. Tatu, zile dalili za ugonjwa nilizozitaja ziandikwe kwa Kiswahili na zibandikwe katika chumba cha kompyuta, ili hata mwanafunzi mgeni ajue pa kuanzia kabla ya kukimbilia fundi. Karatasi moja na gundi havitaimaliza bajeti ya shule.

Anayetaka kulainisha filamu yake ya kujiburudisha, na kompyuta yake inaweza, alainishe. Macho ni yake. Lakini kilicho ushahidi na kilicho kumbukumbu tukiache kama kilivyopigwa, kikiwa na mikwaruzo na kuchechemea kwake. Kisichoonwa na kamera, tukiri kwamba hakikuonwa.

Nakunja jamvi hapa. Aliye na video ya mzee wake nyumbani, na ainakili jioni hii, kabla binamu hajafika.